Nafasi Iliyoachwa Wazi ni ya Nani?

Mtu akikukabidhi fomu iliyojazwa nusu, nafasi zilizobaki wazi ni za nani: zake yeye aliyeziacha, zako wewe uliyezipokea, au za yeyote atakayepita na kalamu? Waliotutangulia walilijibu swali hili kwa njia yao. Anayeandika hundi ya benki huandika "shilingi elfu kumi tu", na lile neno "tu" halikuwekwa pale kwa kuidharau elfu kumi. Ni kufuli. Baada yake huvutwa mstari hadi ukingoni, ili mkono mwingine usipate pa kuongeza sifuri. Nimeizoea desturi hiyo tangu ujana wangu, lakini niliitafakari kwa dhati pale nilipoanza kusoma programu zinazoendesha vifaa vya mawasiliano yasiyotumia waya, zile ambazo mafundi huziita viendeshi. Huko nilikuta swali la hundi lingali hai, na wataalamu wa kompyuta wamelikosea mara nyingi kuliko makarani wa benki.

Naomba msomaji asiye fundi anivumilie kwa aya mbili tatu, kwani hatuwezi kuhukumu jambo tusilolijua lilivyo ndani.

Kumbukumbu ya kompyuta ni safu ndefu ya visanduku vidogo vyenye namba, na kila kisanduku huitwa baiti. Kiendeshi cha kadi ya waifai hutunza habari zake kwa mafungu. Tuseme fungu moja lina namba ya chaneli inayohitaji baiti 1, masafa ya mawimbi yanayohitaji baiti 4, na nguvu ya mawimbi inayohitaji baiti 2. Mtoto wa darasa la pili atakuambia jumla ni 7. Kompyuta itakuambia ni 12. Prosesa nyingi hupenda kuchota namba ya baiti 4 kutoka mahali ambapo anwani yake inagawanyika kwa 4. Nyingine zikikuta vinginevyo huchelewa, na baadhi hukataa kabisa. Kwa hiyo kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mhandisi kuwa maagizo ya mashine, huchomeka baiti 3 baada ya chaneli, kisha 2 nyingine mwishoni. Mhandisi angeanza na masafa, akafuatisha nguvu, akamalizia chaneli, fungu hilo hilo lingechukua baiti 8, na pengo lingekuwa la baiti 1 tu. Kupanga mizigo ni elimu, kama ajuavyo kila utingo wa lori.

Sasa tazama ajabu yake. Zile baiti 5 kati ya 12 hazionekani popote katika maandishi ya mhandisi. Hazina jina. Ukisoma programu kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho hutakuta pahala palipoandikwa "hapa pana pengo". Na ndani yake mna nini? Kiwango rasmi cha lugha ya C, ambayo ndiyo lugha ya viendeshi vingi, hakiahidi chochote. Mhandisi anaweza kuandika thamani katika kila sehemu aliyoitaja kwa jina, moja baada ya nyingine, kwa uaminifu wote, na zile zisizo na jina zikabaki na masalia ya kazi iliyopita: kipande cha anwani ya siri ya mfumo, ncha ya nenosiri, herufi tatu za barua ya mtu. Fungu lile likikaa ndani ya nyumba hakuna neno. Siku likitolewa nje, likakabidhiwa kwa programu ya mtumiaji au likarushwa hewani, linatoka zima, baiti zote 12, na masalia yake.

Kuna aina ya pili ya ujazo, nayo ni jamaa ya hii. Aina ya kwanza huwekwa na kompaila bila kuulizwa. Ya pili huwekwa kwa amri, kwa sababu kanuni za mtandao zimetaka ujumbe usiwe mfupi kupita kiasi. Januari 2003 watafiti wawili, Ofir Arkin na Josh Anderson wa kampuni ya @stake, walitoa taarifa waliyoiita EtherLeak. Mtandao wa Ethernet una sharti la zamani kwamba mzigo wa fremu usipungue baiti 46. Ujumbe wa ARP, ambao kompyuta huutumia kuuliza "mwenye anwani hii ni nani?", una baiti 28. Zinabaki 18 za kujaza. Zijazwe na nini? Waraka uitwao RFC 894, wa Aprili 1984, ulikuwa umekwisha kujibu: sifuri. Watafiti wale walikuta kwamba viendeshi vingi, vya mifumo mbalimbali, havikujisumbua. Viliurefusha ujumbe hadi kipimo kitimie, na nafasi ile ikabeba chochote kilichokuwa kimelala pale, pamoja na vipande vya mawasiliano yaliyotangulia. Mtu aliye kwenye mtandao huo huo aliweza kutuma salamu fupi, akangoja jibu, na kusoma mkia wake. Hakuvunja mlango wala hakughushi funguo. Aliletewa.

Sheria, basi, ilikuwapo kwa miaka 19. Hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu atafakari. Lakini kilichonigusa zaidi ni kilichofuata. Viendeshi vya kadi za waifai za mwanzo vilijitambulisha kwa mfumo wa Linux kana kwamba ni kadi za Ethernet, na kwa hiyo vikarithi hata sharti la urefu, ingawa mawasiliano ya 802.11 yenyewe hayana sharti hilo. Walibeba mzigo wa ukoo usio wao. Mwaka 2005, baada ya taarifa ya EtherLeak kusomwa na ulimwengu mzima wa mafundi, dosari ya namna hiyo hiyo ilionekana katika kiendeshi cha Orinoco, kilichotumiwa na kadi nyingi za siku zile, nayo ikaandikishwa kwa namba CVE-2005-3180. Pakiti ilirefushwa, na sehemu iliyoongezwa haikufutwa. Tofauti ni kwamba safari hii masalia hayakupita katika waya uliofichwa ukutani. Yalikwenda hewani.

Kwetu mfano wake uko barabarani. Muuza karanga husokota kikaratasi kama pembe, akajaza, akakupa. Karatasi ameipata wapi? Ni daftari la mwanafunzi, au majibu ya mtihani, au, nimewahi kupewa mimi mwenyewe, orodha ya mishahara ya ofisi fulani, majina na tarakimu vikiwa wazi. Nilikula karanga zile nikijua mshahara wa watu wanne nisiowafahamu. Muuzaji hakukusudia kunipa habari hizo. Yeye aliuza karanga. Mimi sikuzitafuta, nilinunua karanga. Na hata hivyo siri ilihama kutoka mkono hadi mkono, katika biashara ambayo kila mmoja wetu aliifanya kwa haki.

Kijana mmoja ninayefanya naye kazi, hodari na mwenye adabu, alilipinga hili nilipomweleza. "Mzee," aliniambia, "mtu huwajibika kwa alichoandika. Mimi pale sikuandika kitu. Kompaila ndiyo iliyoacha pengo, na aliyekuwa akitumia kumbukumbu kabla yangu ndiye aliyeacha uchafu wake. Nikiadhibiwa kwa jambo ambalo halimo katika maandishi yangu, basi hakuna atakayethubutu kuandika." Hoja yake si ya mchezo, na sitaki kuipita juu juu. Tunalo fungu zima la haki linalosimama juu ya msingi huo: hatumhukumu mtu kwa asiyoyatenda wala kwa asiyoweza kuyaona. Mama mwenye nyumba hashitakiwi kwa vumbi lililoletwa na upepo.

Lakini tazama neno alilolitumia: kuandika. Ndani ya nyumba yake ni kweli hakuandika kitu. Kosa, ikiwa tunataka kuliita hivyo, halikutokea wakati wa kuandika. Lilitokea wakati wa kukabidhi. Kiendeshi hakikusema "chukua chaneli, chukua masafa, chukua nguvu". Kilisema "chukua baiti 12 kuanzia hapa". Mwenye kusema hivyo amezitaja zote, zenye jina na zisizo na jina. Mimi naona kuna vitendo viwili ambavyo tumezoea kuvichanganya, kutunga na kutoa, na kila kimoja kina wajibu wake. Mtungaji anawajibika kwa maneno yake. Mtoaji anawajibika kwa bahasha nzima, na hata kwa kile kilichonasa katika pindo lake. Muuza karanga hakuandika orodha ya mishahara, lakini yeye ndiye aliyenyoosha mkono.

Nimesema "kosa, ikiwa tunataka kuliita hivyo", kwa sababu sipendi haraka ya siku hizi ya kumtafuta wa kulaumiwa. Hatia na wajibu si kitu kimoja. Kijana wangu anasikia lawama pale ambapo mimi natamka kazi. Mwenye duka hufagia mbele ya mlango wake kila alfajiri bila kuungama kwamba ndiye aliyetupa maganda. Kumbukumbu kufutwa kabla ya kutumiwa, jambo linalogharimu mstari mmoja wa programu, ni ufagio wa namna hiyo.

Upo upande mwingine unaonisumbua zaidi, nao ni upande wa aliyedhulumiwa. Katika dhuluma tulizozizoea kuna wawili: mtenda na mtendwa. Aliyeibiwa kuku anajua kuku hayupo, atapiga kelele, wazee watakaa, na mwishowe pengine atasamehe. Hapa wako watatu. Yuko anayetuma, yuko anayepokea, na yuko wa tatu, yule ambaye ujumbe wake ulipita katika kisanduku kile dakika chache zilizopita. Huyu wa tatu hashiriki katika mazungumzo, hajui kwamba yanafanyika, na hata neno lake la siri likitoka, hana kitu kilichopungua kwake ambacho kingemwamsha. Nenosiri lake bado analo. Hatalalamika kamwe. Na kwa kuwa halalamiki hakuna wa kumwomba radhi, wala wa kusamehe. Nimejiuliza mara nyingi kama dhuluma isiyojulikana na aliyedhulumiwa ni dhuluma pungufu. Wako wanaosema ndiyo, kwa kuwa hakuna aliyeumia. Mimi sikubaliani nao. Kutojua kwake hakumwondolei haki; kunaiondoa sauti tu. Na tangu lini tukakubali kwamba haki ya bubu ni nyepesi? Ndiyo maana katika jambo hili siwezi kungoja malalamiko. Mwenye kungoja malalamiko hapa atangoja milele huku akijiona mwema.

Niligusie sasa jambo linalofanana na hili lakini halina siri ndani yake, kwa maana linatupa upande wa pili wa swali. Jean Tourrilhes alitunga, katika miaka ya 1990, utaratibu uitwao Wireless Extensions, ambao kwa miaka mingi ndio uliotumiwa na programu za Linux kuzungumza na viendeshi vya waifai. Kila taarifa ilianza na baiti 2 za urefu na 2 za aina ya taarifa, kisha ikafuata habari yenyewe. Kwenye mashine ya biti 32 habari ilianza baada ya baiti 4. Kwenye mashine ya biti 64, ambayo anwani zake ni ndefu maradufu, kompaila ilichomeka baiti 4 za kujazia, na habari ikaanza baada ya baiti 8. Muda wote wasemaji wawili wakiwa wa kabila moja, hakuna aliyetambua. Lakini watu wakaanza kuendesha programu za biti 32 juu ya kiini cha biti 64, na hapo kila mmoja akasoma maneno ya mwenzake kuanzia mahali pasipostahili. Mtumiaji alitafuta mitandao iliyo karibu naye akapata vituko, au hakupata kitu.

Nani alikosea? Hakuna aliyesema uongo. Kila upande ulizungumza kwa ufasaha wa nyumbani kwake. Ni kama Mmvita na Mwunguja kupatana siku ya "saa nne" bila mmoja kujua kwamba mwenziwe anafuata saa ya mzungu. Watakosana bandarini, na wote wawili watakuwa wamefika kwa wakati. Kwanza alijikunja msikilizaji: programu za kusoma taarifa zile ziliongezewa akili ya kubahatisha, kwamba urefu ukizidi kwa baiti 4, ruka baiti 4 usome tena. Ni upole huo, lakini upole wa kubahatisha una hatari yake, maana siku moja utaruka baiti zilizokuwa na maana. Baadaye, mwaka 2009, alijikunja msemaji: kiini cha Linux kilirekebishwa ili kiandae ujumbe wa namna mbili, na kila programu ipewe ule wa mashine yake. Napenda suluhisho hili la pili kuliko la kwanza, na si kwa sababu za ufundi. Mwenye kujua zaidi ndiye anayepaswa kujikunja. Kiini kilijua kinazungumza na nani. Programu ya biti 32 haikuwa na njia ya uhakika ya kujua inazungumziwa kutoka wapi.

Msomaji asije akadhani nayachukia mapengo. Kadi za Atheros, kwa mfano, zilitaka kichwa cha fremu kiishie mahali panapogawanyika kwa 4. Kichwa cha kawaida cha 802.11 ni baiti 24, basi hakuna tatizo. Kikiongezewa sehemu ya ubora wa huduma kinakuwa 26, na zinatakiwa 2 za kujazia kati ya kichwa na mzigo. Viendeshi vya ath5k na ath9k huchomeka hizo 2 wakati wa kutuma na kuziondoa wakati wa kupokea. Kila anayehusika anajua zipo, zimekaa wapi, na nani wa kuzitoa. Pengo la namna hii halina tofauti na hatua moja tunayoachiana kwenye foleni. Ubaya hauko katika pengo, uko katika pengo lisilo na mwenyewe. Ndiyo sababu nilifurahi kukuta chombo kiitwacho pahole, kilichotungwa na Arnaldo Carvalho de Melo, ambacho kazi yake ni kukuonyesha mafungu ya programu yako yalivyokaa kweli katika kumbukumbu, na mahali penye tundu kukuandikia kwamba hapa pana tundu la baiti kadhaa. Nimemwonyesha yule kijana. Alikitumia juu ya kazi yake mwenyewe, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni mengi hivi." Hakukubali hoja yangu, lakini alianza kuyapa mapengo majina.

Kuyapa majina ndiko wanakokufanya sasa watungaji makini wa kiini. Palipokuwa na tundu la kompaila huandika sehemu halisi na kuiita "pad", kisha huweka sharti kwamba anayeleta fungu lazima alete sifuri pale, na asipoleta hurudishwa na fungu lake lote. Mwanzoni nililiona sharti hilo kuwa kali mno. Kumrudisha mtu aliyejaza fomu sawasawa kwa sababu ya doa katika kisehemu ambacho hakuna anayekisoma! Huo si ndio ukarani tunaoulalamikia kila siku madirishani? Nimebadili maoni. Kisehemu kile leo hakisomwi, lakini kimehifadhiwa ili miaka ijayo kipewe maana. Aliyekubaliwa kuleta uchafu ndani yake leo, siku kitakapopata maana uchafu wake utasomwa kama amri. Anayerudishwa sasa anaudhika kwa dakika moja. Anayepokelewa na doa lake atakuja kutenda, siku moja, jambo ambalo hakuliomba.

Wireless Extensions imekwisha pokewa na utaratibu mwingine uitwao nl80211, ambamo kila kipande cha habari husafiri kikiwa na urefu wake na aina yake, kisha hujaziwa hadi kifikie kipimo cha baiti 4. Kwa hiyo ujazo upo hata huko, lakini hauzidi baiti 3 kwa kipande. Nilifungua programu inayoandaa vipande hivyo, nikitafuta kujua hizo 3 zinafanywaje. Upo mstari mmoja pale. Kabla kipande hakijatoka, mstari huo hukokotoa ni baiti ngapi zimebaki mkiani, sifuri au 1 au 2 au 3, na kuzifuta zote.